Padre Armand David: Mmisionari Aliyesoma Kazi ya Mungu Milimani



Ndugu wasomaji, wengi wetu tunamfahamu panda kwa picha tu. Ni yule mnyama mnene, mweupe kwa mweusi, anayekaa kitako na kutafuna mianzi kama mzee anayetafuna muwa. Ni wachache wanaofahamu kwamba aliyemtambulisha mnyama huyo kwa wanasayansi wa ulimwengu alikuwa padre Mkatoliki, mmisionari wa Shirika la Misioni lililoanzishwa na Mtakatifu Vinsenti wa Paulo. Jina lake ni Padre Armand David. Ngozi ya kwanza ya panda aliiona katika Kwaresima ya mwaka 1869, na panda mdogo wa kwanza aliletewa siku ya Jumanne ya Juma Kuu.

Nimechagua kuyaandika maisha yake kwa sababu yanagusa swali ambalo sisi tulio katika malezi tunakutana nalo mara nyingi, na waamini nao hutuuliza: padre anahusika nini na ndege, miti na wanyama? Je, si kazi yake kufundisha katekesi, kuungamisha na kuadhimisha Misa? Padre David aliishi miaka mingi katikati ya swali hilo. Tumfuate hatua kwa hatua, kisha tuone anatuachia nini.

Mtoto wa milima ya Pirenei

Armand David alizaliwa tarehe 7 Septemba 1826 katika kijiji cha Espelette, katika nchi ya Wabaski, kusini-magharibi mwa Ufaransa, chini ya milima ya Pirenei. Baba yake alikuwa daktari aliyependa sana kujifunza mambo ya mimea na wanyama. Mtoto akikua karibu na mzazi wa namna hiyo hujifunza kutazama kabla hajajifunza kusoma. Armand alizoea tangu mdogo kutembea mwendo mrefu kwa miguu, kupanda vilima, kukamata wadudu na kuwatambua ndege. Mazoea hayo ya utotoni yalikuja kumsaidia mbele ya safari, kwani nchini China alitembea maelfu ya kilometa.

Alisoma katika seminari ndogo ya Larressore, kisha seminari kuu ya Bayonne. Mwaka 1848 alijiunga na Shirika la Misioni mjini Paris, na miaka miwili baadaye akaweka nadhiri. Shauku yake ilikuwa kwenda China. Shirika lake lilikuwa na historia ya damu kule: mwaka 1840 Padre Jean-Gabriel Perboyre, ambaye leo ni mtakatifu, aliuawa huko kwa ajili ya imani. Kijana aliyeomba kwenda China miaka ile alijua anaomba nini.

Lakini wakubwa wake hawakumpeleka China. Walimpeleka Savona, mji wa pwani nchini Italia, akafundishe sayansi katika chuo. Alikaa huko karibu miaka kumi. Waseminari wenzangu, tuzingatie hapo. Miaka kumi ni mingi kwa mtu mwenye shauku. Yeye hakukaa kinyongo. Aliwafundisha vijana kwa bidii, akawapeleka vilimani na ufukweni kukusanya mawe, mimea na wadudu, akaanzisha chumba cha makumbusho hapo chuoni. Baadhi ya wanafunzi wake walikuja kuwa watu wakubwa katika elimu ya viumbe, akiwemo Giacomo Doria, aliyeanzisha makumbusho ya viumbe ya mji wa Genova. Utii uliomchelewesha ndio uliomwandaa.

Beijing, na mnyama wa nyuma ya ukuta

Mwaka 1862 alitumwa hatimaye China, na akafika Beijing katika msimu wa joto wa mwaka huo huo. Kazi aliyopewa ilikuwa kusaidia kuanzisha shule ya wamisionari. Palepale alianza kukusanya viumbe vya kufundishia, na katika eneo la kanisa la Beitang, yaani Kanisa la Kaskazini, akafungua makumbusho ambayo wenyeji wengi, hata wenye vyeo, walikuja kuyatembelea.

Vielelezo alivyotuma Paris viliwashangaza wataalamu wa Makumbusho ya Taifa ya Elimu ya Viumbe. Waliomba wakubwa wa Shirika wamruhusu padre huyo afanye safari za utafiti ndani ya China. Mkuu wa Shirika alikubali. Basi, uchunguzi wa Padre David haukuwa starehe ya pembeni aliyoifanya kwa kujiiba, alitumwa.

Kusini mwa Beijing palikuwa na bustani kubwa ya mfalme iliyoitwa Nanhaizi, iliyozungushiwa ukuta mrefu, na mgeni hakuruhusiwa kuingia. Mwaka 1865 Padre David alichungulia juu ya ukuta huo, akaona kundi la wanyama wa jamii ya kulungu ambao hakupata kuwaona katika kitabu chochote. Wachina waliwapa jina lenye maana ya mnyama asiyefanana na wale wanne, kwa kuwa pembe zake, kwato zake, shingo yake na mkia wake kila kimoja kinamkumbusha mtu mnyama mwingine, lakini mwenyewe si yeyote kati yao. Mwaka uliofuata alifanikiwa kupata ngozi na mifupa, akavituma Paris. Mtaalamu Alphonse Milne-Edwards alimwandika mnyama huyo katika vitabu vya sayansi kwa jina la David. Tukumbuke habari ya kulungu huyu, tutairudia.

Safari ya kwanza ndefu aliifanya mwaka huo wa 1866, kuelekea Mongolia. Ilimchukua miezi kadhaa katika nchi kavu yenye upepo na vumbi. Aliporudi alikuwa ameshajua jinsi ya kusafiri: mizigo michache, chakula cha wenyeji, uvumilivu mwingi.

Majira ya kuchipua huko Muping

Safari iliyomfanya ajulikane ilianza mwezi Mei 1868. Aliondoka Beijing, akapita Shanghai, akapanda mto mkubwa Yangtze kuelekea magharibi hadi jimbo la Sichuan. Mwisho wa Februari 1869 alifika mahali paitwapo Muping, ambapo leo ni wilaya ya Baoxing. Wakati ule Muping palikuwa na mtawala wake mdogo, katika milima mirefu inayoitenga China ya mabondeni na nyanda za juu za Tibet. Kwenye bonde la Dengchigou wamisionari kutoka Paris walikuwa na nyumba ya mbao waliyowalelea vijana wa Kichina, na hapo ndipo alipopokelewa.

Sisi tuliozaliwa nchi za ikweta hatuna majira manne. Tunajua kiangazi, vuli na masika. Kwa watu wa nchi za baridi, baada ya miezi ya theluji huja majira ya kuchipua, na ukitaka kuelewa furaha yake fikiria mvua ya kwanza baada ya ukame mrefu: ardhi iliyokuwa kama imekufa inaamka ndani ya wiki chache. Katika milima ya Muping majira hayo hupanda ngazi. Yanaanza chini bondeni mwezi Machi, huku vilele bado ni vyeupe kwa theluji. Kisha kila wiki kijani kinasogea juu kidogo. Anayepanda mlima asubuhi anaweza kuondoka penye maua na kufika adhuhuri penye barafu, kana kwamba amerudi nyuma miezi miwili kwa saa chache.

Padre David alipanda na kushuka katika milima hiyo mwaka mzima ulipokuwa unageuka. Si kila siku ilikuwa ya raha. Mwezi Machi, yeye na kijana aliyekuwa akimsaidia walipotea njia juu ya mlima. Theluji ilikuwa nyingi, mawe yalikuwa yamefunikwa na barafu, na maji ya maporomoko yaliwalowesha hadi mifupani. Walishuka kwa kung'ang'ania mizizi na matawi, bila kujua kama hatua inayofuata itakuta ardhi au hewa tupu. Walinusurika. Siku chache baadaye alikuwa amerudi kazini.

Tarehe 11 Machi 1869, akirudi kutoka matembezini, alikaribishwa nyumbani kwa mwenye mashamba mmoja wa bonde hilo wa ukoo wa Li, akapewa chai na vitafunwa. Ukutani palitundikwa ngozi ya dubu mkubwa, nyeupe na nyeusi. Hakuwahi kuona kitu kama hicho. Wawindaji wa huko walimhakikishia kwamba watampatia mnyama wa namna hiyo. Walikwenda msituni siku kadhaa, na tarehe 23 Machi wawindaji Wakristo wakamletea dubu mweupe mdogo. Walikuwa wamemkamata akiwa hai, lakini wakamwua ili wambebe kwa urahisi, na bei waliyomtoza padre ilikuwa kubwa. Tarehe 1 Aprili, ndani ya oktava ya Pasaka, wakaleta mkubwa.

Padre David aliandika maelezo mafupi ya rangi, miguu na makazi ya mnyama huyo, na akasema kuwa ni aina mpya ya dubu. Milne-Edwards kule Paris alipochunguza meno na mifupa aliona anafanana zaidi na panda mdogo mwekundu, akamweka katika kundi lingine. Ubishi huo uliendelea zaidi ya miaka mia moja. Katika miaka ya 1980 uchunguzi wa vinasaba ulionyesha kwamba panda mkubwa ni wa jamii ya dubu. Padre aliyemtazama katika ubaridi wa Muping alikuwa amesema kweli tangu mwanzo.

Mwezi Mei wawindaji walimletea kima wa ajabu: manyoya ya rangi ya dhahabu, uso wa buluu, pua imebinuka juu. Ni kima wanaoishi juu kabisa milimani, na huvumilia theluji kuliko karibu kima wote wengine. Milne-Edwards alimpa jina la Roxelana, mke wa Sultani Suleiman wa Uturuki. Tena palikuwa na mti ambao mwezi huo huo wa Mei hutoa maua yaliyozungukwa na majani mawili makubwa meupe. Upepo ukivuma, mti mzima huonekana kama umeanikwa leso nyeupe, au kama njiwa wengi wanataka kuruka. Mwaka 1871 mtaalamu wa mimea Henri Baillon aliupa mti huo jina la Davidia. Pamoja na hayo alikusanya ndege, wadudu, samaki na mimea ya kila namna.

Mwanasayansi wa namna hiyo hukaa kazini hadi usiku. Mnyama lazima achunwe kabla hajaoza, ngozi ipakwe dawa na kukaushwa, mmea ulazwe kati ya karatasi na kubadilishwa karatasi mara kwa mara, kila kitu kiandikiwe mahali na tarehe. Kisha makasha hubebwa na wapagazi, hupakiwa katika mashua, halafu katika meli. Kasha moja likilowa, kazi ya miezi imekwisha. Na yeye bado alikuwa padre, mwenye Misa yake na sala zake. Aliondoka Muping mwezi Novemba 1869, mwili wake ukiwa umedhoofika kwa ugonjwa.

Mambo mawili magumu

Tusiandike maisha ya watu wema kana kwamba hayakuwa na maswali. Kwa Padre David naona mambo mawili ambayo ni vizuri tuyatazame.

La kwanza ni neno kugundua. Mara nyingi inasemwa kwamba Padre David aligundua panda. Lakini panda alikuwa tayari ametundikwa ukutani kwa Bwana Li. Wawindaji walijua anaishi wapi, anakula nini na anakamatwa vipi. Wenyeji wa Muping ndio waliokuwa walimu; padre alikuwa mwanafunzi aliyejua kuandika kwa lugha ya wanasayansi wa Ulaya. Heshima yake haipungui tukisema hivyo. Kinyume chake, tunaona fadhila yake: alikaa kwa watu, akanywa chai yao, akauliza, akasikiliza. Mmisionari asiyejua kuuliza wenyeji hapati panda wala hapati mioyo yao.

La pili ni zito zaidi. Mtu huyu aliyependa viumbe aliwalipa wawindaji ili waviue. Siku zile hapakuwa na njia nyingine ya kuthibitisha mnyama kwa wataalamu waliokuwa mbali, na yeye alichukua vichache kwa ajili ya elimu. Hata hivyo sifa ya panda ilipoenea, wengine walifuata milimani kwa nia nyingine. Mwaka 1929 ndugu wawili wa Marekani, wana wa Rais Theodore Roosevelt, walikwenda na bunduki na kumpiga panda risasi kwa ajili ya makumbusho ya Chicago. Mwaka 1936 panda mchanga alichukuliwa hai hadi Marekani, na baada ya hapo kila bustani ya wanyama ilimtaka wake. Mlango ukifunguliwa, aliyeufungua hawezi kuchagua nani apite.

Padre David mwenyewe aliiona hatari hiyo mapema. Katika safari zake alisikitika sana kuona misitu ya China ikikatwa na kuchomwa. Alieleza kwamba misitu ikiisha, vichaka vidogo vitakwisha pia, na wanyama wasioweza kuishi pengine watatoweka milele. Aliogopa kwamba binadamu, kwa ubinafsi wake, ataijaza dunia farasi na nguruwe, ngano na viazi, na kuviondoa viumbe elfu ambavyo Mungu aliviweka viishi pamoja nasi. Aliyaandika hayo karne ya 19, kabla watu wengi hawajaanza kuzungumzia hifadhi ya mazingira.

Mwaka wa 1900

Baada ya mapumziko Ulaya alirudi China mwaka 1872 kwa safari ya tatu. Alikwenda milima ya Qinling, akavuka majimbo hadi milima ya Fujian upande wa mashariki. Huko aliugua vibaya, na mwaka 1874 akalazimika kurudi Ufaransa moja kwa moja. Alikuwa na umri wa miaka 47.

Aliishi miaka 26 zaidi katika nyumba mama ya Shirika mjini Paris. Aliwafundisha waseminari wa Shirika, akawaandalia chumba cha makumbusho kama alivyofanya Savona na Beijing. Mwaka 1877 alitoa pamoja na Émile Oustalet kitabu kikubwa kuhusu ndege wa China. Kwa hesabu ya kazi yake yote, alikuta China aina 200 hivi za wanyama wa porini, kati yao 63 hazikuwa zimejulikana kwa wanasayansi, na aina 807 za ndege, kati yao 65 zilikuwa mpya. Mimea yake iliandikwa na mtaalamu Adrien Franchet katika juzuu mbili zenye jina lake.

Alifariki dunia Paris tarehe 10 Novemba 1900. Mwaka huo una mambo mengi ya kutafakari. Ndio mwaka wa vita ya Mabondia nchini China, ambapo Wakristo wengi waliuawa na kanisa la Beitang likazingirwa kwa wiki nyingi. Katika vurugu hizo wale kulungu wa Nanhaizi waliangamia. Mafuriko ya miaka michache kabla yalikuwa yamebomoa ukuta, wengi wakaliwa na watu wenye njaa. Waliobaki wakamalizwa na askari mwaka 1900. Mnyama aliyempa Padre David jina alitoweka katika nchi yake mwaka ule ule aliokufa yeye.

Mwaka huo huo Mwingereza Ernest Wilson alikuwa milimani China akiutafuta mti wa Davidia. Alikuwa ameelekezwa mahali ulipo mti mmoja aliouona mtaalamu mwingine miaka 12 kabla. Alipofika alikuta kisiki, na kando yake nyumba mpya iliyojengwa kwa mbao za mti huo.

Lakini habari haikuishia kwenye kisiki wala kwenye ukuta uliobomoka. Wilson aliendelea kutafuta, na baada ya wiki chache akakuta miti mingine imechanua. Leo Davidia imepandwa katika bustani za nchi nyingi. Na wale kulungu? Baadhi yao walikuwa wamepelekwa Ulaya kabla ya maangamizi, kwa sababu padre mmoja alichungulia ukuta na kuwaambia watu kilichokuwemo. Mtawala wa Bedford huko Uingereza alikusanya 18 waliobaki kwenye bustani mbalimbali za wanyama, akawaweka katika eneo lake la Woburn. Walizaana. Mwaka 1985 kundi lao lilirudishwa Nanhaizi, mahali pale pale. Panda nao wanalindwa katika hifadhi za Sichuan na majimbo jirani. Hesabu kubwa iliyotangazwa mwaka 2015 ilionyesha panda 1,864 wanaoishi porini.

Anatuachia nini?

Turudi kwenye swali letu: je, hii ni kazi ya padre? Mtakatifu Thoma wa Akwino, tunayemsoma sana katika falsafa, anafundisha kwamba kosa katika kuvielewa viumbe laweza kumvuta mtu katika kosa la kumwelewa Mungu. Anayedhani mto ni mungu atauabudu. Anayedhani mto ni bomba la maji taka atautupia takataka. Wote wawili hawajauona mto jinsi ulivyo, yaani kiumbe alichokipenda Muumba. Kutazama vizuri ni sehemu ya kusema kweli, na kusema kweli ni kazi ya padre. Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake Laudato si' wa mwaka 2015, alitukumbusha kwamba kila kiumbe kina thamani yake mbele ya Mungu, na kwamba kinapotoweka kwa sababu yetu kinaacha kumtukuza Muumba kwa namna yake.

Tusidhani kwamba mambo haya ni ya China tu. Katika pwani yetu alifanya kazi Padre Charles Sacleux wa Shirika la Roho Mtakatifu, aliyefika Zanzibar mwaka 1879. Sisi wapenzi wa Kiswahili tunamjua kwa kamusi yake kubwa ya Kiswahili na Kifaransa. Lakini alikusanya mimea pia, na yule Baillon aliyeuita mti wa China Davidia, ndiye aliyeita mimea fulani ya Tanzania na Kenya Sacleuxia. Padre aliyejifunza maneno ya watu alijifunza na majina ya miti yao.

Parokia nyingi za nchi yetu ziko milimani: Uluguru, Usambara, Upare, Uporoto, Matengo. Humo kuna mimea na viumbe visivyopatikana kwingine kokote duniani. Wapo wazee wanaojua kila mti kwa jina lake, unatibu nini, unachanua lini, ndege gani hutaga humo. Wazee hao wakifa, na miti nayo ikiisha, hatutakuwa na ukuta wa kuchungulia.

Waseminari wenzangu, tukipelekwa mwaka wa uchungaji tuwaulize wazee majina hayo na tuyaandike, tukiweka tarehe na mahali kama alivyofanya Padre David. Nanyi waamini wapendwa, kwenye jumuiya ndogondogo mnapopanga kupanda miti, acheni nafasi kwa miti ya asili ya mahali penu, si ile ya mbao za haraka tu. Mwafundishe watoto wa Utoto Mtakatifu majina ya ndege wanaoimba karibu na kanisa. Adamu alipewa kazi ya kuwaita wanyama kwa majina kabla hata hajapewa mwenzi. Kazi hiyo haijaisha, na Padre Armand David aliifanya kwa miguu yake mwenyewe, akiwa na theluji kiunoni, akimtumikia Bwana.

Apumzike kwa amani.